Kiti Nilichokutumia

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Na nyengine shikamoo, ya ile siku niliyokukatia simu bila kukuaga. Miguu yaamkaje? Mkono wa mashine hauvimbi? Mimi sijambo, nimenenepa hata kidevu cha pili kimeota. Wasichana wa hapa Doha hawajui tu wanachokikosa.

Naandika karatasini, nampa mwenzangu Bakari anayerudi huko Malindi, maana kwenye simu ningetia mzaha nikakwepa.

Nimehamishwa. Sasa napiga deki wadi ya wanaosafishwa damu, kama wewe. Siku ya kwanza nikaona kioja: mzee wa umri wako kalala, mirija mkononi, damu yazunguka kwenye mashine, na miguuni kawekewa pedali kama za baiskeli. Anakanyaga! Nikaacha ndoo, nikamwendea muuguzi, Mkenya mwenzetu.

"Dada, mgonjwa mwamfanyisha kazi?"

Akacheka. "Asipokanyaga, miguu itamwisha nguvu. Daktari kampima kwanza, na tulianza naye pole pole. Huo mkono wa mirija ndio hautikiswi. We piga deki."

Mama, nilirudi kwenye ndoo yangu, nikapiga deki pale pale mara tatu.

Nilimkumbuka yule bibi wa mazoezi wa hospitali yenu, aliyekwambia uinuke kitini mara kumi kila siku, kisha utembee hadi kwa jirani. Dada Mwanaisha akakusimamia vizuri. Nami, bingwa niliyeishia darasa la sita, nikamfokea kwa simu: "Mama si askari! Kwetu mgonjwa hutandikiwa, haamrishwi!" Nikakutumia kiti cha magurudumu, na wewe wakati ule watembea mwenyewe. Picha yake nikawaringia wenzangu: tazameni, mamangu kaketi kama malkia. Nawe ukakikalia nisije nikaudhika. Sasa Mwanaisha aniambia hata kusimama kwa sala huwezi, wasali umeketi.

Kuna na jambo sijakwambia. Likizo mwaka ule niliipata. Niliogopa kukuona kwenye mashine. Nikatuma kiti, nikabaki huku.

Nimeomba tena, na ruhusa ninayo mkononi. Naja mwezi ujao. Kwa sasa Mwanaisha amuulize yule bibi kama bado waweza kuanza, na uanzie wapi. Ziwe hata mara mbili, alimradi yeye akubali. Ukishaweza, kiti mpeni Mzee Kombo hapo jirani, aliyekatwa mguu. Yeye kitamfaa kweli.

Nisalimie Mwanaisha, dada yangu na mlezi wako. Mwambie haki ilikuwa yake, ila asiitangaze mtaa mzima wa Shella. Msalimie na mjomba fundi cherehani; kanzu yangu aipanue kiunoni.

Nikifika usinipikie, wala usihangaike kuja mlangoni. Ningoje hapo hapo ulipo. Nitakupa mkono, uinuke, tuhesabu pamoja. Kumi naijua, hata kwa shule yangu ile.

Mwanao mkosefu,
Athumani