Nguo Ulizonikataza Kukata

Mama,

Nimechoka. Najua barua huanza kwa salamu na kuuliza hali, lakini hali yako siwezi kuiuliza, na yangu ndiyo hiyo. Leo ni Jumapili. Nimekaa ndani ya kibanda chetu cha mitumba hapa Otonglo, kando ya cherehani, na mlango nimeuegesha ili mtu asije kuniuliza kama kuna sketi.

Nilitaka kukuandikia tangu tukuzike. Ila wiki hii yote nilikuwa na kazi moja ambayo mkono wangu ulikataa kuifanya, nayo ni kufumua mishono ya nguo zako. Jana niliimaliza. Ngoja nikueleze ilivyokwenda, maana mwenye nguo ni wewe.

Watu bado wanakuja wakikuuliza. Wengine hawajasikia. Mwalimu yule wa Kisian, mwenye mabega mapana, alifika juzi na kusimama mlangoni akichungulia nyuma yangu kana kwamba umejificha kwenye marobota. Nilipomwambia, alikaa kwenye benchi akalia kidogo, kisha akajipangusa, akasema basi nimchagulie mimi. Nikamtolea blauzi ya pamba. Nikamwambia ainue mikono, akae, ainame kama anayefua. Alipoinama tu akaanza kulia tena, kwa sababu hayo yalikuwa maneno yako. Alinunua, lakini mimi sikufurahi hata kidogo. Nilijiona kama nimevaa viatu vyako bila ruhusa.

Wewe hukuwahi kumwacha mwanamke aondoke hapa na nguo aliyoipenda kwa macho tu. Wenzako robota likifunguliwa walikimbilia kamera, zile za kwanza zinazong'aa, na wewe ulikuwa chini huko unachokoa pamba nzito ambazo hakuna aliyezigombania. Kabla hujatazama mbele ya nguo unaigeuza ndani. "Mbele walipamba ili ununue," ulikuwa ukisema. "Geuza, tuone kama aliyeshona alikuwa na haraka." Unaifinya ngumini, unaiachilia, na ikibaki na makunyanzi inarudi kwenye rundo. Halafu ulimi wako, Mama! "Hii inakutafutia kiuno mahali huna kiuno. Toa." Mtu anacheka, anatoa, na mwezi unaofuata anarudi na dada yake.

Dera ndilo lililokuwa adui yako. Ulisema ni nguo nzuri ya kupumzikia, lakini mwanamke akilivaa kila siku atanenepa au atakonda humo ndani na yeye mwenyewe ndiye atakuwa wa mwisho kujua.

Kisha ugonjwa ukaja, na wewe ukaanza kukonda.

Siku ile uliniletea magauni yako yote hapa kwenye cherehani, ukayatupa mezani kama mteja mkorofi. "Punguza pande zote mbili. Lakini usikate. Kunja kitambaa ndani, ushone. Kuna watu watavaa hizi." Nilikasirika kwa hilo neno, kuna watu. Nikakuambia utapona na utazivaa mwenyewe. Ukasema, "Sawa, basi usikate ili nikipona nizivae." Hukutaka tubishane. Ulitaka tu nisishike mkasi.

Nikapunguza. Mwili ukaisha tena, nikapunguza tena. "Nguo kubwa inamtangaza mgonjwa," ulisema. "Sitaki watu wa Otonglo wanihesabu mifupa." Na kweli hawakukuhesabu. Ulivaa gauni linalokaa begani sawasawa, lenye kola, lenye mikono inayofika kwenye kiwiko, na wauza nyanya wakakuambia unapendeza siku hizi, unakula nini. Ulikuwa ukiwaitikia kwa kicheko, halafu unaingia humu ndani na kuegemea ukuta. Mimi tu ndiye niliyejua, na daktari wa Kombewa.

Baada ya mazishi, wanawake wa boma waliketi kwenye mkeka kugawa nguo zako, kama inavyofanywa. Nguo za marehemu hazifungiwi sandukuni, na wifi mkubwa ndiye huanza. Kwa hiyo akaanza shangazi, Waya Risper, dada yake Baba. Unajua mlivyokuwa mkiazimana nguo tangu ulipoolewa, kwa vile mlikuwa na mwili mmoja. Hakukuona mwaka huu wote, yuko kwake ng'ambo ya ghuba, na kwenye simu ulimdanganya kila Jumapili. Hata kwenye jeneza tuliona uso tu, na uso wako haukuisha kama mwili.

Akachukua lile gauni la bluu la maua meupe, lisilo na zipu. Hakuuliza. Alilivaa juu ya sketi yake mbele ya watu wote. Kichwa kikapita, mikono ikapita, kisha likakwama kifuani, na Waya akabaki amesimama katikati ya mkeka mikono juu, kichwa ndani. Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Risper, umekula chapati za nani?" Sauti ikatoka ndani ya kitambaa, "Wacheni mchezo! Kwani hii mlishonea mtoto?" Nilicheka pia, Mama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ufe.

Tulipomtoa, aliligeuza gauni ndani. Ulimfundisha hata yeye. Akaona mishono, mmoja ndani ya mwingine, ikielekea katikati. Akapitisha kidole kwenye ule wa mwisho kabisa, akauliza polepole, "Alikuwa amefika hapa?"

Akakaa chini na kulia kilio ambacho hakukilia kaburini. Alisema tulimficha. Alisema angekuja, angekaa na wewe, angekupikia uji. Mimi niliinama tu, kwa sababu kunyamaza lilikuwa agizo lako na sasa lawama zinanikuta mimi. Hapo nilikukasirikia kidogo. Nakuambia ukweli.

Akanyanyuka, akanirudishia furushi lote. "Nyara, binti yangu, fumua. Zote. Jumamosi nakuja huko Otonglo kuchukua. Mimi nataka nguo ya wifi yangu akiwa mzima."

Ndiyo maana nikawa na hii kazi. Na sikuweza. Nilikuwa nikishika wembe, nageuza nguo, naona uzi. Mshono mmoja mweusi, mwingine mweupe, mwingine wa kahawia, kwa sababu ulikataa kungoja nitafute uzi unaofanana. Uliokuwa kwenye mashine ndio huo. Kila rangi ni siku uliyosimama hapa mikono juu, mimi nimejaza pini mdomoni, wewe unanitania kwamba nikimeza moja utanishtaki. Mshono wa mwisho hukuweza hata kusimama. Ulikaa kwenye stuli na kuniwekea mkono kichwani usianguke, na mimi nikapima huku uzito wako wote uko juu ya kichwa changu, nao ulikuwa mwepesi mno. Nifumue hiyo? Niufungue mwili wako uwe mkubwa tena, na wewe mwenyewe hupo? Nilirudisha wembe mfukoni. Siku iliyofuata vivyo hivyo.

Ijumaa mvua ilinyesha, soko likawa tupu, nikapiga moyo konde. Nilianza na ule wa mwisho, kisha uliotangulia. Ajabu ni kwamba kazi ilikuwa inakwenda kinyumenyume. Kadiri nilivyofumua, ndivyo ulivyorudi: kwanza ukasimama, kisha ukaanza kunitania, kisha ukawa unamfukuza yule kijana muuza mifuko aliyekuwa akituzibia mlango, kwa sauti hadi ng'ambo ya barabara. Nililia na nikafumua. Niliponyoosha kitambaa nikakuta pale palipokuwa pamekunjwa rangi ni ile ya zamani kabisa, haijapigwa na jua wala sabuni. Kila gauni likawa na mistari miwili iliyokoza, kila ubavu mmoja.

Jana Waya akaja. Nilimwomba radhi kwa ile mistari, nikamwambia naweza kulitia rangi gauni zima lifanane. Akakataa. Alilivaa lile la bluu, likapita bila kubishana, akainua mikono, akakaa kwenye benchi, akainama. Hakuna aliyemwambia. Kisha akajipapasa mbavuni kwenye mistari, akasema, "Hapa ndipo mlipomfichia. Wacha ionekane." Likamkaa vizuri sana, Mama. Ungempitisha.

Tukafunga zilizobaki za watu wengine. Mwisho likabaki lile la kijani lenye mifuko, ambalo uchovu ulinishika kabla sijalimaliza. Nilikuwa nimetoa mshono wa mwisho tu, ikabaki ile miwili ya mwanzo. Waya akauliza hilo ni la nani. Nikasema la yeyote, nitalimalizia kesho. Akaniangalia, kisha akaangalia dera langu. Nililianza dera hili siku za hospitali kwa sababu ni rahisi kulalia kwenye kiti, na tangu hapo nimebadilisha rangi tu. "Hebu vaa," akasema. Nikamwambia halinitoshi, na wewe Mama unajua mimi nilivyokuwa, ulikuwa unaniita gunia la omena. "Vaa, nimesema."

Likanitosha. Halikubana popote wala kulegea popote. Mabega yalikaa, kiuno kikakaa, kama vile nilikuwa nimejipima mwenyewe. Nikajitazama kwenye kile kioo cha wateja, nikaona mifupa ya shingo ambayo sijawahi kuiona, na nguo yenye mshono niliokushonea wewe ukiwa tayari mgonjwa. Waya alishika mdomo. "Nyathina, mwanangu," akasema, "kwani na wewe umefika hapa?"

Sikujua, Mama. Naapa sikujua. Nilikuwa nakupimia wewe.

Nikachukua wembe nimalizie kulifumua pale pale, nikiwa nimelivaa. Nilikuwa na aibu. Waya akaninyang'anya. Alisema hili lisiguswe, hili ni langu mimi, na mishono iliyobaki si yako tena, Mama. Akanivuta hadi kwa yule mama wa samaki, akaagiza mbuta na ugali, akakaa mbele yangu akinitazama kila tonge. Nilikula nusu. Hakunilaumu. Alisema wiki ijayo atarudi, na ijayo tena, na safari hii hadanganywi na mtu kwenye simu.

Kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimelivaa. Nimechoka, lakini si uchovu ule wa kutaka kulala na kutoamka. Ni wa mtu aliyemaliza kazi. Dera nimelifua, nitalivaa jioni tu, ulivyotaka. Kesho nitafungua kibanda, na nitamwambia ukweli kila mwanamke atakayeinua mikono hapa.

Lala salama, Mama. Ero kamano, asante sana, kwa kunikataza mkasi. Sitakwenda kaburini kukulilia kila siku, nitakuja nikiwa na nguvu za kutembea. Ninachokuahidi ni hiki: hili gauni sitalipunguza hata uzi mmoja. Nitakula. Nitakula hata siku ambazo chakula hakina ladha, mpaka siku moja nilivae linibane mbavuni, nishindwe kuinua mikono, na ndipo nitakapoufumua mshono wa pili, halafu wa kwanza.

Oriti, kwaheri, Mama.

Mwanao,
Akinyi