Asilimia Tisini ya Levi

Achieng, Levi wetu ametuaibisha ukweni Lambwe, siku ya posa yake mwenyewe.

Jana alimpigia baba ya mchumba wake, Phelesia, akamwambia asikodi tenti. Si ni mwalimu wa hesabu. "Mzee, uwezekano wa jua ni asilimia tisini."

Tisini, Achieng.

Mvua ikatukuta kwa chai. Mama mkwe alikuwa ametoka saluni asubuhi.

Levi, maji yakimtiririka puani, akaeleza kwamba hesabu haikukosea. Ile kumi ndiyo imetokea.

Mzee akakamua kofia yake polepole. "Na uwezekano wa kupewa binti yangu leo?"

"Tisini, baba."

"Kama ya jua?"

Levi akafikiria. Kweli alifikiria.

"Kama ya jua."

Mzee amesema turudi Jumamosi. Tuje na tenti.