Kiti cha Baba Fikiri

Jumatano, 16 Julai 2025
Injini ya trekta letu imerudi kutoka kwa fundi Mussa, Chemchem. Silinda zote tatu zimekerezwa zikapanuka, na pistoni mpya ni nene kama makopo ya maziwa. Ilikuwa lita mbili na nusu, sasa ni mbili nukta saba. Baba Fikiri aliingiza kidole ndani ya silinda, akakizungusha huku amefumba macho. "Laini," akasema. Tangu apate kiharusi mwaka jana sijamwona akitabasamu hivyo! Mashindano ya kuburuta mzigo kule Itetemia atapanda mwenyewe, anasema. Keshawatangazia mpaka wanakwaya.

Jumamosi, 19 Julai
Imewaka! Mlio mzito, kuku wote wamekimbilia jikoni. Mussa akacheka: "Shemeji, hili si trekta tena, ni mbogo." Wiki hii tunaizoesha taratibu.

Jumatano, 23 Julai
Leo tumeifungia magogo. Injini ikanguruma, trekta likasogea kidogo tu — na harufu ya kuungua. Mussa anasema klachi ya zamani haiwezi nguvu mpya, inateleza. Inatakiwa yenye springi kali zaidi. Nikamwambia afunge.

Ijumaa, 25 Julai
Klachi mpya ni ngumu mno. Mimi mwenyewe naikanyaga kwa uzito wote. Kwa mguu wa kushoto.
Wa kwake wa kushoto ndio ulioharibika. Mungu wangu, sikuwaza!

Jumapili, 27 Julai
Baada ya misa nilipitia kwa dada Consolatha, sikumkuta, nikarudi mapema. Baba Fikiri alikuwa juu ya trekta, injini imezimwa. Anakandamiza goti la kushoto kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule dhaifu. Pedali ikafika nusu, ikamrudisha. Akajaribu tena. Nikarudi nyuma hadi barabarani, nikakohoa kwa nguvu ndipo nikaingia.
"Nafuta vumbi tu," akasema.
Kitambaa hana.

Jumatatu, 28 Julai
Nimekwenda kwa Mussa kimyakimya, nimemwomba arudishe klachi ya zamani. Hataki. "Shemeji, itaungua kabla hajafika nusu ya uwanja, na aibu itakuwa yake. Panda wewe. Mwaka mzima nani amelima nalo?"
Ni kweli, ni mimi. Lakini kumlimia mumeo akiwa mgonjwa ni jambo moja, na kumshusha kwenye kiti chake mbele ya watu ni jingine. Nitamwambiaje?
Wakati wa kula alinieleza jinsi ya kuachia klachi ukiwa na mzigo: usiiachie ghafla, iachie kama unavyoachia mkono wa mtoto anayejifunza kutembea. Alirudia mara mbili. Nilidhani anajikumbusha mwenyewe. Nikamwongezea mboga.

Ijumaa, 1 Agosti
Sijamwambia. Ameosha trekta lote, na kofia yake ameianika.

Jumamosi, 2 Agosti
Itetemia. Vumbi, upepo, watu wengi kuliko mwaka juzi. Mbele yetu yamebaki matrekta mawili. Naandika haraka.
Nilijipa moyo nikamfuata. Amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, anakula karanga. Nikaanza: "Baba Fikiri, ile klachi —"
"Kiti kina vumbi," akanikata. "Kapande ukifute kwanza."
Nikapanda. Nikakaa ili nifikie upande wa nyuma — magoti karibu yaguse usukani! Kiti kimesogezwa mbele, matundu matatu. Yeye ni mrefu, hawezi kukaa hivi. Mimi ndiye mwenye miguu mifupi. Nimegusa nati: zimekazwa barabara, kwa mkono wake ule mmoja mzima. Sijui lini. Kofia yake imetundikwa kwenye usukani.
Bado nimekaa hapa hapa. Nimemtazama, akageukia mbuzi wa watu kama anataka kuwanunua.
Trekta la mbele yetu limekwama. Wanalitoa. Anton, mtangazaji, ameshika kipaza sauti, anamwita Baba Fikiri kwa jina lake: Octavian Ngollo! Watu wanapiga makofi.
Hainuki. Anatafuna karanga, anauangalia mguu wangu wa kushoto.