Maji ya Sungura wa Asere

Baba,

Tangu tukuzike hapa Bukhayo sijakuandikia, na leo naandika nikiwa na aibu. Nimelitumia jina lako vibaya, na afadhali uyasikie kwangu.

Sungura wako bado wapo. Ulipoondoka niliwachukua mimi, na akina mama wa kanisa wakaniomba niwafundishe kufuga, kwa kuwa ni binti yako. Wakaanza kuniita mwalimu. Nilipenda kuitwa hivyo, Baba.

Juzi juzi wakaniuliza kuhusu ile vitamini ya unga uliyokuwa unatia kwenye maji ya watoto wa sungura wakishaachishwa kunyonya. Sikujua kipimo. Nilikuwa nakuona tu ukikoroga asubuhi, nami macho kwenye simu. Maelezo yalikuwa kwenye pakiti, lakini niliona haya kuyasoma mbele yao. Nikasema, "Mzee alikuwa anatia kijiko kilichojaa kwa kila chupa, na hakuwapa maji mengine mpaka waimalize."

Hukuwahi kusema hivyo. Nilibuni pale pale, nikayaweka maneno hayo mdomoni mwako, kwa sababu nilijua wewe hakuna atakayekubishia.

Asere, yule mjane wa Kocholia uliyempa sungura jike wa kwanza, alifuata neno kwa neno. Maji yakawa machungu. Watoto wakayanusa, wakageuka. Jua lilikuwa kali wiki ile. Aliponiita, nilikuta chupa zimejaa vile vile, na watoto wamelala ubavu. Tukawapa maji matupu. Wachache walikunywa wakaamka. Wengine walikuwa wameshakufa, na tukawafukia nyuma ya banda. Ndipo nikakumbuka kwamba wewe ulikuwa unawawekea bakuli la maji matupu kando, siku zote.

Asere alinawa mikono, akaniambia taratibu, "Usinipe pole, mwalimu. Mzee hawezi kukosea. Ni mimi nimekosea kupima."

Nami nikamwacha aamini hivyo. Nilipanda boda boda nikarudi nyumbani. Baba, hilo linanichoma kuliko wale sungura.

Baadaye nikasikia anampeleka yule jike Malaba akamuuze, eti mikono yake haifai kufuga. Nikamfuata. Nilimkuta sokoni, karibu na pale malori yanapopanga foleni, kikapu miguuni, mnunuzi ameshainama kumpapasa jike mgongo. Nikasema mbele ya huyo mtu, "Asere, mzee hakusema vile. Nilitunga mimi."

"Na mimi kila jioni nimekuwa namwomba mzee anisamehe," akasema.

Alifunika kikapu, akaondoka na jike wake bila kuniaga.

Jumapili niliwaambia ukweli na wale akina mama wengine. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa rahisi zaidi kama wangenitukana. Sasa tukikutana, pakiti inasomwa kwa sauti, na nisipojua nasema sijui. Asere anakuja, anakaa nyuma. Haniiti mwalimu tena. Ananiita Nabwire tu, na mimi naitika.

Sikuombi uniambie kwamba yameisha. Nakuahidi hili moja: kila nitakalowaambia watu kuanzia sasa, nitalisema kwa jina langu, na likiharibika, lawama ije kwangu.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Nabwire