Weupe wa Mlima Wetu Bado Wapo

Baba,

Nimetoka msituni sasa hivi, viatu vyangu bado vina tope. Mama ameniwekea chai nikaiacha ipoe, kwa sababu jambo hili lazima likufikie wewe kwanza. Vipepeo wako weupe wapo. Nimewaona kwa macho yangu. Wapo, Baba.

Tangu tukuzike sijalala vizuri. Kifo chako tulikuwa tumekitarajia, uliugua sana. Kilichonikosesha usingizi ni lile neno uliloniambia pale hospitalini Voi, nikikupaka mafuta miguuni: "Wakesho, mimi nilimaliza kitu ambacho Mungu alikiweka mahali pamoja tu." Kisha ukageukia ukuta. Nilitaka kukuuliza, nikaona umechoka. Nikarudi saluni kwangu, nikawa nasuka watu huku neno hilo limenikaa kifuani.

Nilijua ni yule kipepeo jike mweupe uliyemnasa kwa wavu ukamtia kwenye sanduku. Watafiti uliowafanyia kazi ya kunasa vipepeo walikuwa wakisema vilima vyetu ni visiwa na nyika ya Tsavo ndiyo bahari yake, kwamba kipepeo aliyezoea baridi ya huku juu hawezi kulivuka lile joto akapona. Weupe hao walikuwa wa msitu wetu tu, na baada ya yule jike hukuwaona tena. Kila baada ya mvua ulikwenda ukakaa kwenye jiwe lako kando ya kijito, ukarudi bila neno. Mwishowe ukautundika wavu, na msitu hukutaka hata utajwe.

Na zamani ulivyokuwa mtu wa vituko! Ulitutuma sisi wanao, mimi na Mwakio, tukakojoe kwenye tope la kijito, eti vipepeo wanapenda chumvi, na kweli walikuja, Mama akaona aibu wiki nzima. Alikuwa akifua suruali zako anakuta mfukoni vikaratasi ulivyovikunja pembetatu, kila kimoja na kipepeo ndani. Suti yako ya kanisani ilinuka dawa ya nondo, ile ya kufukuza wadudu masandukuni, hata tukawa tunaachiwa benchi peke yetu. Huyo ndiye baba niliyemkosa hata kabla hujafa.

Baada ya mazishi alikuja mtafiti, mama mmoja mpole tunamwita Daktari, kuomba masanduku yako ya vipepeo. Mama alimpa yote na chumba kikapata hewa. Kisha akaomba aonyeshwe mahali ulipomnasa yule jike. Aliyepajua ni mimi tu, nikaenda shingo upande.

Jiwe lako tulilikuta. Kijito hakipo. Daktari akauliza maji yalikwenda wapi, nikamjibu kwamba yalitiwa kwenye mipira ya kumwagilia yakapelekwa mashamba ya mboga huko chini, mwaka uleule ulipomnasa yule kipepeo. Nikajisikia nikisema hivyo, nikaketi kwenye jiwe lako. Baba, si wewe uliyetufundisha kwamba madume hushuka kunyonya chumvi kwenye tope? Tope lilikwisha! Wangeshukia nini? Ulikuwa ukiwangoja kwenye mchanga mkavu, ukijilaumu, na sisi tukikuangalia.

Tuliufuata mpira ule hadi kwenye chemchemi. Daktari, na umri wake, akalala chali kwenye majani, akanivuta nami nilale. "Dada, wacha kuangalia chini," akasema. "Angalia huko juu."

Walikuwa juu kabisa penye jua, wanazunguka kilele cha mti, wanakaa, wanaruka tena. Weupe. Si mmoja, si wawili. Mmoja aliposhuka kunywa Daktari akamnasa, akamlinganisha na picha ya yule wako. Alama nyeusi kwenye ncha za mabawa ni zilezile. Akafungua vidole, akamwachilia.

"Hawa hawakuisha," akaniambia. "Walisogea tu."

Nililia, Baba. Nikacheka pia, nikiwa vilevile chali, na mgongo umelowa. Na nisikufiche, nilikukasirikia kidogo. Umbali ule mdogo, na hukupanda? Lakini nakujua. Ulikuwa umeshajihukumu, hukutaka mtu akutetee. Laiti ungeniambia mapema nikaenda nawe.

Daktari amenionya kwamba chemchemi nayo ikifungwa yote kwenye mipira, huenda wasipate pa kusogea tena. Kwa hiyo nakuahidi hivi: Jumapili baada ya ibada mimi na Mwakio tutakaa na watu wa mradi wa maji, tuwaombe waache kidogo yamwagike pale juu. Wakikataa nitarudi tena, unajua mdomo wangu. Na kila mwaka mvua zikiisha nitafunga saluni nipande kuwaangalia.

Nakuaga sasa, moyo wangu ni mwepesi kama sijawahi kufiwa. Pumzika, Baba. Hukuwamaliza.

Binti yako,
Wakesho