Bomba la Samaki Wako

Kwako Talaso, mke wangu,

Salaam aleikum, ingawa hakuna posta ya kukufikishia salamu hizi.

Unakumbuka yule daktari wa mifugo uliyekuwa ukimfulia nguo, alipohamishwa akakuachia tangi lake la kioo? Majirani wetu hapa Kiwanjani walicheka sana. Maji tunapanga foleni, na wewe unayafugia samaki! Mimi pia nilicheka, lakini nilikuletea perege wadogo sita ndani ya jerikeni, nikaendesha lori polepole kutoka Merti wasife njiani.

Uliweka pipa juu ya matofali, likadondosha maji ndani ya tangi. Yaliyozidi yaliingia kwenye tundu la juu, yakashuka kwa bomba hadi karai la nje, na sukuma wiki zako zikanywa. Tundu hilo ulilifunika kwa mkebe wa maziwa uliotobolewa.

"Toboa pande zote, Guyo," uliniambia. "Ukitoboa upande mmoja, jani moja tu linaziba."

Kila Ijumaa asubuhi uliusugua mkebe kwa mswaki mkuukuu, kisha ukapitisha unyoya wa mbuni ndani ya bomba. Ukiwalisha samaki, ulimega ugali kidogo kidogo kwa ncha za vidole, kwa sababu wanachobakisha ndicho kinachoziba.

Halafu ukaenda Rapsu kumuuguza dada yako, wiki mbili. Mimi niliwatupia matonge, nikidhani nawapenda. Mkebe sikuugusa. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta maji yamefunika sakafu, mkeka wa mama yako umelowa, na perege wawili wamekauka mlangoni.

Uliporudi uliniuliza kwa upole, "Hukusafisha?" Aibu yangu ikageuka hasira. Nikasema, "Kwani hawa ni watoto wako?"

Miaka kumi na moja ya ndoa bila mtoto, na mimi nikasema hivyo.

Hukulia. Ulipiga magoti ukatoa ugali uliooza kwenye mkebe, tundu baada ya tundu. Kisha ukasema, "Bomba nitalisafisha mimi. Wewe safisha mdomo."

Kesho yake nilitengeneza mkebe mpana zaidi, nikaulaza kwenye meza mbele yako. Uliutazama, ukanimiminia chai. Nilidhani tumemaliza. Neno lenyewe la kuomba msamaha sikulitamka, siku hiyo wala miaka iliyofuata, hadi homa ikakuchukua mwaka jana.

Nisamehe, Talaso. Neno hili naliandika kwa sababu nimechelewa kulisema.

Lori nimeliacha. Nyumba imenyamaza hivi kwamba nasikia maji yakidondoka kwenye karai nikiwa jikoni. Shemeji yako anataka niwape watu tangi, anasema mwanamume peke yake na samaki ni kichekesho. Nimemwambia aache tu.

Jana, baada ya sala ya adhuhuri, karai lilinyamaza. Nilikuwa nakata kitunguu. Kabla sijafikiri nikapaza sauti, "Talaso! Bomba limeziba!" Nikasimama na kisu mkononi, nikingoja unijibu kutoka uani.

Ilikuwa ukoga tu wa kijani. Niliutoa kwa vidole. Maji yakaanza tena, lakini mimi nilibaki pale nimeegemea kioo mpaka wakaadhini alasiri.

Pumzika kwa amani ya Mungu.

Mume wako,
Guyo