Tairi la Haji Limepasuka, Nakatwa Mimi

Bi Inshirah mpendwa, nisaidie kabla ya Alhamisi, maana nikiifikia Alhamisi sina jibu nitasaini, najijua. Mimi ni dereva wa lori, mtu wa Bani Suef, mwaka wa kumi na moja huu nabeba vigae kwenda Asyut kwa tajiri mmoja, Haji Basyuni, na mwezi uliopita tairi la nyuma lilipasuka karibu na Minya, lori likalala mtaroni, vigae vikawa unga, mimi nikatoka na pengo la jino nikamshukuru Mungu, kumbe nilishukuru mapema. Tairi lile nilimwonyesha Haji siku tatu kabla, nikamwambia, "Haji, hili limebaki nyuzi," akanijibu, "Usta Shihata, dereva wangu, umeajiriwa kuendesha, si kukagua. Tairi ni langu, wewe shika usukani." Sasa tairi limekuwa langu, vigae vyangu, na gharama ya kulivuta lori yangu pia, paundi sitini na mbili elfu, na keshakata nusu ya mshahara, na mke wangu Nagwa ananiuliza, "Baba Marwa, nusu nyingine umemwachia nani?" nami nasema kampuni inachelewesha.

Lakini kubwa ni hili. Siku ya kuajiriwa nilisaini karatasi ya amana, ile inayosema nimekabidhiwa fedha za mtu nizifikishe, nayo ilikuwa tupu, haina kiasi wala tarehe, kama tunavyosaini wote. Siku akiijaza, mimi ni mwizi wa amana, jela hiyo. Sasa anataka Alhamisi nisaini ya pili, tupu vilevile. "Saini, mwanangu, ni dhamana tu. Nimewahi kumfunga nani?" Na nikiri lote: mimi ndiye mkongwe wa gereji, kila dereva mpya kalamu nimempa mimi, nikimwambia, "Saini, ndugu yangu, utaratibu tu, usitucheleweshe." Je, ana haki ya kunikata? Nisaini?

Shihata, Bani Suef

Usta Shihata,

Pole kwa jino. Pole nyingine subiri kidogo, kwanza nikugombeze. Wewe hununui tikiti maji bila kulipiga makofi mara tatu, halafu unasaini karatasi tupu? Na ukawashikisha wenzako kalamu! Utaratibu? Kitanzi nacho kina utaratibu wake.

Haji wako sijamwona, lakini namjua. Wamejaa barabara nzima. Tairi likiwa bovu ni lake, likipasuka ni lako. Faida ikija hakukumbuki, hasara ikija anakuita mwanangu. Kama hiyo ndiyo biashara, basi hata paka wa jikoni ni tajiri.

Sikiliza sasa. Sheria ya kazi inamruhusu mwajiri kukata kwa uharibifu uliotokana na kosa lako, baada ya kuchunguza na kukusikiliza, na hata hapo hapiti mshahara wa siku tano kwa mwezi. Nusu ya mshahara ni unyang'anyi uliopigwa muhuri. Tena kosa lako liko wapi? Ulimwambia, akakunyamazisha. Nani alisikia? Mtafute leo, aandike, asaini, na safari hii karatasi iwe imejaa.

Nagwa mwambie kabla hujala. Polisi wakija na karatasi ya amana, mlango watakaogonga ni wake.

Kisha wakusanye wale uliowapa kalamu. Usiwaombe radhi kwa maneno, wapeleke ofisi ya kazi mkaandikishe malalamiko pamoja. Dereva mmoja hufukuzwa, lakini gereji nzima ikisimama vigae havifiki Asyut. Mwone wakili wa chama cha madereva, amtumie Haji onyo la kisheria kuidai karatasi ya kwanza, ili siku akiijaza uongo ionekane uliidai kabla. Kujaza uongo juu ya saini ya mtu nako ni jinai, na hilo Haji analijua kuliko wewe.

Najua unachoogopa: atakufukuza. Huenda. Ukifukuzwa kwa hili utamshtaki, na wakati huohuo utatafuta lori jingine, malori yapo. Lakini ukisaini, hata ukiacha kazi, ukahama mji, ukazeeka, utabaki umefungiwa kwenye kabati la Haji, na ufunguo anao yeye.

Usisaini.

Inshirah